Ndoo Mbili na Damu ya Saa Mbili

Mtihani ule aliufeli mara mbili, na mara ya tatu akakataa kuufanya kwa kalamu.

Chuo cha wafamasia wasaidizi kilikuwa na mwalimu mmoja mwembamba aliyefundisha safari ya dawa mwilini, na mwalimu huyo aliipenda milinganyo kuliko alivyowapenda watu. Alijaza ubao kutoka pembe hadi pembe. Kulikuwa na visanduku vitatu: cha kwanza tumbo, cha pili damu, cha tatu nyama za mwili. Mishale ilitoka kisanduku hiki ikaingia kile, na juu ya kila mshale paliandikwa herufi ambazo wanafunzi walizinakili bila kuuliza, wakazirudisha kwenye mtihani kama walivyozipokea. Yeye hakuweza. Kichwa chake kilikuwa kizuri kwa mambo mengi, lakini herufi ikipandishwa juu ya bega la namba, aliona giza.

Alikuwa binti wa fundi bomba. Tangu ana miaka saba alimbebea baba yake spana, na kabla hajasoma vizuri alishajua kwamba tangi likiwa limejaa maji hutoka kwa kasi, na likikaribia kwisha hutoka kwa unyonge. Alijua pia kwamba matangi mawili yakiunganishwa kwa bomba jembamba, hili linaweza kufurika wakati lile bado linalia kiu. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema mwalimu mwembamba kwa herufi zake, ila yeye mwenyewe hakujua kwamba anazungumza habari za mabomba.

Basi siku ya mtihani wa tatu akaingia na ndoo mbili, beseni moja, vipande vya mpira wa maji na bluu ya kufulia. Wenzake walicheka mpaka msimamizi akagonga meza. Yeye akapanga vitu vyake pole pole. Ndoo ya kwanza akaiweka juu ya kiti, ikiwa tupu, na mpira wake ukamwaga kwenye ndoo ya pili. Hiyo ya pili, yenye maji safi, akaiunganisha na beseni, nalo lina maji safi, kwa kipira chembamba kilichopita chini kwa chini. Ubavuni mwa ndoo ya pili alitoboa tundu dogo la kudondoshea nje. Akasema ndoo ya kwanza ni tumbo, ya pili ni damu, beseni ni nyama, na tundu ni figo. Kisha akamimina kikombe kimoja cha bluu iliyokolea kwenye tumbo.

Ndoo ya damu ilikolea upesi, ikawa bluu ya kutisha, na beseni lilikuwa bado jeupe kabisa. Wakangoja. Bluu ikaanza kuvuka kupitia kile kipira. Ndoo ikapauka kidogo kidogo, beseni likapata rangi, mpaka mwisho vyote viwili vikafanana, na baada ya hapo vikawa vinapauka pamoja, taratibu, kwa lile tundu la ubavuni.

Mwalimu mwembamba alisema huo ni mchezo wa watoto. Lakini siku hiyo alikuwepo mtahini mgeni, mama mmoja mnene mwenye miwani, ambaye muda wote alikuwa ameinama kutazama beseni. Mama yule akauliza swali moja tu: kama anataka kujua mwili umepata dawa kiasi gani, atachota wapi, na atachota lini?

"Nitachota kwenye ndoo ya damu, kwa sababu nyama siwezi kuzifikia," binti wa fundi alijibu. "Lakini nitangoja rangi zilingane kwanza. Nikichota mapema, nitaona bluu nyingi nidhani mtu anakufa kwa sumu, kumbe nyama zake bado zina kiu."

Akapita. Mwalimu mwembamba hakumpa mkono siku ya mahafali, na yeye hakuunyoosha wake. Alitoka chuoni na cheti pamoja na jina la Bi Ndoo, na jina ndilo lililodumu zaidi.

Miaka ishirini na sita alitoa dawa kwenye dirisha moja la hospitali moja. Dirisha lenyewe lilikuwa na nondo, rafu ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu, na tundu la kupitishia pakiti. Mtu mfupi alilazimika kusimama kwenye tofali ili amwone. Alikuwa mgomvi, tuseme ukweli. Aligombana na waliosaga vidonge visivyosagwa. Aligombana na daktari aliyeandika kama kuku aliyekanyaga wino, akamrudishia karatasi mara nne mpaka akaandika kwa herufi kubwa. Wakubwa walimwona kero, na wagonjwa walimpenda kwa woga, vile mtu anavyompenda mbwa wa jirani anayelinda mtaa mzima.

Ugomvi wake mkubwa alioushinda ulihusu saa. Zamani vidonge vya asubuhi wodini vilitolewa wakati wauguzi wa usiku wanakabidhiana na wa mchana, na katika purukushani hiyo wengine walipewa mara mbili na wengine walisahauliwa. Bi Ndoo alipigana mwezi mzima, akaenda kila kikao, akagonga kila mlango. Mwisho ikakubaliwa: vidonge vyote vya asubuhi vitolewe saa kumi na mbili kamili, na muuguzi wa usiku, kabla hajakabidhi. Tangazo likapigwa chapa na kubandikwa kwenye ukuta wa kila wodi, na chini yake sahihi yake kubwa, yenye mkia. Kila alipopita aliitazama sahihi ile kwa jicho la pembeni, akajisikia mtu.

Sasa tumtaje mama mkwe wake, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi.

Mama mkwe alikuwa opareta wa simu kwa miaka ishirini na saba, enzi za kuchomeka waya kwenye ubao, na ulimi wake ulikuwa umezoea kuwakatia watu mawasiliano. Alitaka mwanawe wa pekee aoe mwalimu au muuguzi. Mwanawe alipomleta mtu wa ndoo, mama alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza kama huko kwao watu huoga kwa maji ya bure. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na miwili, alimwita Binti wa Mabomba. Alimwita hivyo mbele ya wageni, alimwita hivyo siku alipojifungua, na alimwita hivyo kwenye msiba wa fundi bomba mwenyewe. Lile la msibani Bi Ndoo hakulisahau.

Moyo wa mama mkwe ulipoanza kukimbia ovyo, akawekwa kwenye digoksini. Hicho ni kidonge kidogo kinachoutuliza moyo wenye papara na kuupa nguvu ya kusukuma. Ni dawa yenye mpaka mwembamba: ikipungua haifanyi kitu, ikizidi inaua, ndiyo maana hospitali humpima mgonjwa damu kuona imefika wapi. Kipimo hakitakiwi kupita mbili. Kwa miaka sita mama alimeza kidonge chake, akapanda ngazi zake, akatukana anayestahili.

Kisha akaumwa kifua, na daktari akaona afadhali alazwe achunguzwe. Akalazwa Jumatatu. Jumanne akapimwa damu, kipimo kikasoma tatu na nusu. Daktari mkuu wa wodi akashtuka, kidonge kikasimamishwa papo hapo.

Daktari huyo watu walimwita Daktari Namba, kwa kuwa alipofika kwenye kitanda hakuuliza umeamkaje, aliuliza namba ni ngapi. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye ugumu, maana mtu mbaya ungemshtaki. Alikuwa mwangalifu, alikuja mapema, na aliogopa kuua mtu kwa dawa. Aliogopa hivyo mpaka hakuona kwamba mtu anaweza kufa pia kwa kuikosa.

Bila kidonge, moyo wa mama ukaanza tena mbio zake. Miguu ikavimba, vidole vikawa kama vya mtoto mchanga, na akawa hawezi kulala ila ameketi, mito mitatu mgongoni. Jumatatu iliyofuata akarudishiwa kidonge kimoja. Damu ikapimwa: mbili na nusu. Kikasimamishwa tena. Daktari Namba akamwita mtoto wa mama, mume wa Bi Ndoo, akamweleza kwa upole kwamba mwili wa mama hauitoi tena dawa hii. Watajaribu mara ya mwisho Alhamisi. Kipimo kikipita mbili, dawa itaachwa moja kwa moja, na Ijumaa mama atarudi nyumbani akapumzike na watu wake. Mume alirudi nyumbani akasimulia hayo, kisha akakaa kwenye ngazi ya nyuma bila kuvua viatu. Wote wawili walijua maana ya kupumzika na watu wako.

Bi Ndoo hakuwa amesoma faili. Mama mkwe alikataza tangu siku ya kwanza. Alimwambia muuguzi kwamba hataki Binti wa Mabomba apekue mambo ya mwili wake. Dirishani kulifika vikaratasi tu: simamisha, anza, simamisha. Lakini kitu kilimkera. Mtu aliyezidiwa na dawa hii moyo wake huenda pole pole, hutapika, huona vitu vina rangi ya njano. Mama moyo ulikuwa unakimbia, na malalamiko yake makubwa yalikuwa kwamba chakula cha hospitali ni kidogo. Mtu wa namna hiyo amezidiwa na nini?

Jumatano asubuhi akavunja katazo. Aliingia wodini wakati wauguzi wako kwenye chai, akafungua faili, akasoma akiwa amesimama. Kidonge: saa kumi na mbili asubuhi. Damu: saa mbili asubuhi. Akarudi nyuma ukurasa, akakuta vivyo hivyo. Damu ilichukuliwa saa mbili kwa sababu tarishi wa sampuli huondoka saa tatu na sanduku lake kwenda maabara kuu, mtaa wa pili, mara moja tu kwa siku. Hakuna aliyepanga kosa. Kila mtu alipanga saa yake.

Masaa mawili baada ya kumeza. Ndoo ya damu imekolea, beseni halijapata kitu. Walikuwa wanachota bluu ya kutisha, wanaogopa, wanaziba bomba, wakati moyo wenyewe, ambao ni nyama, bado unangoja zamu yake.

Hakugonga mlango wa Daktari Namba, aliingia. Alimweleza yote kwa pumzi moja: ndoo, beseni, rangi, saa. Alisema dawa hii ni mvivu wa kuvuka, huchukua masaa sita na zaidi kutulia nyamani, na damu ya saa mbili haifai hata kufutia meza. Alitaka damu ya Alhamisi ichukuliwe saa nane mchana. Daktari alimsikiliza huku akipanga karatasi zake.

"Bi Ndoo," alisema, "namba ni namba."

"Namba ina saa yake, daktari."

"Umekaa dirishani miaka mingi, na mimi ninakuheshimu kwa hilo. Lakini sibadilishi ratiba ya wodi nzima kwa ajili ya mgonjwa mmoja ambaye ni jamaa yako. Halafu, huo utaratibu wa saa kumi na mbili unaoulalamikia, ameuweka nani?"

Akanyoosha kalamu ukutani. Pale palikuwa na tangazo, karatasi imegeuka rangi ya chai kwa uzee, na chini yake sahihi kubwa, yenye mkia.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Bi Ndoo alilisikia neno hilo likimpita mwilini kama maji ya baridi. Ni yeye aliyesogeza vidonge vyote saa kumi na mbili. Kabla ya ushindi wake, ovyo ovyo ile ya zamani ilikuwa na baraka moja: vidonge vilichelewa, na damu ya saa mbili mara nyingi ilichukuliwa kabla ya kidonge. Yeye ndiye aliyekiweka kidonge mbele ya sindano, kisha akapita miaka kumi akiitazama sahihi yake kwa jicho la pembeni. Alitoka ofisini amejaa aibu na hasira, na kwa kuwa aibu haimfanyii mgonjwa chochote, akachukua hasira.

Saa za kuona wagonjwa zilipofika, watu walimwona Bi Ndoo akipita koridoni na ndoo mbili na beseni. Mlinzi alidhani amehamishiwa usafi. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, midomo ina rangi ya zambarau, anapumua kama aliyetoka kukimbia.

"Nimesoma faili lako, Mama," Bi Ndoo alianza, ili asije akashtakiwa baadaye.

"Nilijua utalisoma. Nimeshangaa tu umechelewa."

"Unaona vitu vina rangi ya njano?"

"Namwona mwanamke amebeba ndoo wodini. Njano sioni."

Bi Ndoo akapanga vyombo vyake, ndoo ya tumbo juu ya kabati la kitanda, akamimina bluu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakajinyanyua kwa viwiko. Hakutumia neno gumu hata moja. Alionyesha ndoo inavyokolea, akasema hapa ndipo wanapochota. Kisha akanyamaza, kwa kuwa lililobaki lilihitaji kungojewa. Mama mkwe, mtu asiyengoja kitu, alingoja. Aliitazama bluu ikivuka, ikapauka huku, ikakolea kule. Ilichukua muda mrefu.

"Kwa hiyo," mama alisema mwishowe, pumzi ikimkatiza, "wanahesabu taa za simu zilizowaka ubaoni, wanasema mtambo umezidiwa. Na mimi sijaunganisha hata moja."

"Hivyo hivyo."

"Na nani mjinga aliyepanga vidonge saa kumi na mbili?"

"Mimi, Mama."

Mama mkwe akamtazama. Bi Ndoo hakuinamisha macho. Alieleza lile tangazo, ule mwezi wa ugomvi, na ile sahihi. Alisema kwamba daktari amekataa, na kwamba yeye hana mamlaka ya kubadilisha hata dakika moja ya ratiba. Mwenye mamlaka kwenye mkono ni mwenye mkono.

"Unataka nikatae."

"Nataka ukatae. Wakija saa mbili, usitoe damu. Waambie warudi saa nane."

"Miaka ishirini na miwili nimekukatalia wewe kila kitu," mama mkwe alisema, "leo unakuja kunifundisha kukataa?" Akajilaza kwenye mito yake, akafumba macho. "Ondoa hizo ndoo, zinamwagikia viatu vya watu."

Halikuwa jibu, na Bi Ndoo alirudi nyumbani bila kujua.

Alhamisi saa kumi na mbili kamili alikuwepo kando ya kitanda wakati muuguzi wa usiku anatoa kidonge. Mama akameza. Saa mbili mchukua damu akaja na sinia lake, kijana mpole ambaye hakuwa na ugomvi na mtu. Akatoa mpira wa kufungia, akaomba mkono. Mama mkwe akaukunja mkono akauingiza chini ya shuka, na ule wa pili akaufuatisha.

"Rudi saa nane," alisema.

Kijana akamwita muuguzi mkuu, muuguzi mkuu akabembeleza, akashindwa, akamwita Daktari Namba. Wodi nzima ilikuwa imeamka na imekaa sawa. Daktari alieleza kwa sauti ya chini kwamba kipimo hiki ni kwa faida yake, na kwamba tarishi ataondoka saa tatu. Akasema akikataa, itabidi aandike kwamba mgonjwa amekataa matibabu.

"Andika," mama alisema. Alikuwa anavuta pumzi baada ya kila maneno mawili matatu, lakini ilikuwa sauti ileile ya ubaoni. "Na uandike na saa. Kidonge nimekimeza saa kumi na mbili, mbele ya mashahidi. Nikinywa maji sasa hivi ukanipima kinywa, utasema mwili wangu wote umelowa. Huu mkono ni wangu, daktari. Nimeutumia miaka sabini na moja bila ratiba yako. Saa nane nitakupa, na ule wa pili nikuongeze kama utataka."

Mtu mmoja kitanda cha dirishani akacheka, akajizuia. Daktari Namba akamgeukia Bi Ndoo, akamwambia dirishani kwake kuna foleni na hapa hana kazi; aondoke, asipoondoka ataandikiwa barua. Bi Ndoo alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Niandikie barua," alisema. "Siondoki."

Wakabaki hivyo mpaka saa tatu ikapiga, na tarishi akaondoka na sanduku lake bila damu ya mama. Baada ya hapo hapakuwa na la kushindania. Saa nane kamili mama mkwe aliutoa mkono mwenyewe, akaunyoosha, akamwambia kijana achague mshipa anaoupenda.

Tarishi hayupo, basi Bi Ndoo aliibeba chupa ile ya damu mwenyewe kwa miguu, imefungwa kwenye pamba, mfukoni mwa koti lake jeupe. Maabara kuu wakamwambia sampuli za mchana husubiri kesho. Kesho ilikuwa Ijumaa, siku ya kupumzika na watu wako. Akaketi kwenye benchi lao, akawaambia atakuwa hapo mpaka wao wachoke. Walichoka kabla ya saa kumi na moja. Karatasi ikatoka kwenye mashine: sufuri nukta nane. Haikufika hata moja.

Aliisoma mara tatu. Kisha akalia, palepale kwenye benchi, kwa sauti, bila kujali nani anaona.

Daktari Namba aliisoma namba ile, na haki yake tumpe: hakubishana nayo. Akaandika kwenye faili, dawa iendelee kila siku, damu ipimwe saa nane mchana. Hakuomba radhi, lakini alisoma mstari huo kwa sauti mbele ya wauguzi. Wiki ya pili moyo wa mama ulishika mwendo, na asubuhi moja muuguzi alimkuta amelala chali, mto mmoja, anakoroma.

Barua ya onyo ilikuja kweli. Bi Ndoo aliitwa kwa msimamizi wa hospitali atie sahihi kwamba aliacha dirisha na akabeba damu ya mgonjwa bila idhini. Alikwenda na lile tangazo lake, amelibandua ukutani na gundi yake. Akaliweka juu ya meza kando ya barua, akasema atatia sahihi kwa sharti kwamba karatasi zote mbili zikae kwenye faili moja. Kosa la wiki ile liliokoa mtu mmoja. Kosa la miaka kumi halijahesabiwa, na hilo ndilo analotaka lisomwe kwanza.

Akaanza kulihesabu mwenyewe. Aliomba kitabu cha wodi, na aliponyimwa aliomba tena, mpaka Daktari Namba mwenyewe akakileta dirishani akakipitisha kupitia tundu la pakiti. Wagonjwa saba walikuwa wamesimamishiwa dawa ileile kwa damu ya saa mbili. Watatu walikuwa hai. Wakaitwa, wakapimwa upya, wawili wakarudishiwa vidonge. Wanne walikuwa wamefariki. Huenda wangefariki hata hivyo, moyo mbovu hauna dhamana, na hakuna ndoo ya kuonyesha hilo. Msimamizi akamkataza kabisa kwenda kwenye nyumba za wale wanne. Alisema kufanya hivyo ni kutonesha vidonda na kujitafutia kesi.

Jumamosi Bi Ndoo akavaa viatu vyake vya kutembelea. Alipofika kwenye lango la nyumba yao, akamkuta mama mkwe amesimama na mkoba na fimbo, amevaa saa yake ya kazini, ile kubwa.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Unakokwenda. Peke yako utaongea sana, Binti wa Mabomba, watu watakufukuza."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi viatu. Alikuwa barazani, amebana soli kati ya magoti. Mkewe alilazwa wodi ileile miaka minne iliyopita, akasimamishiwa kidonge, akarudi nyumbani akapumzika na watu wake. Bi Ndoo hakuzunguka. Alimwambia saa ya kidonge, saa ya damu, na aliyeipanga. Alimwambia hakuna anayejua kama mkewe angepona, na kwamba yeye hakuja kujitetea, amekuja kwa sababu mwenye msiba ana haki ya kujua.

Fundi aliweka nyundo chini. Halafu akauliza, akiwa haangalii mtu, kwa nini amekuja kusema kitu ambacho asingekisema, hakuna ambaye angekijua.

Bi Ndoo akafungua kinywa kujibu. Mama mkwe akamtangulia, ameegemea fimbo, pumzi yake imetulia.

"Kwa sababu ndivyo alivyo," alisema. "Huyu ni mkwe wangu. Damu yangu walikuwa wanaipima saa mbili."

Yule fundi akamtazama mama, akatazama mkono wake wenye fimbo, uliokuwa bado na alama za sindano. Akaingia ndani, akarudi na viti viwili.